Hesabu ya Mtu Aliye Kitandani

9 Januari

Dada, shikamoo.

Mama amesema simu basi. Jumapili alitusikia tukifokeana mpaka akaja kuninyang'anya simu mkononi, akasema kama tuna la kuambiana tuandikiane, karatasi haina kelele. Haya, naandika. Dereva wa gari la mashuka amekubali kubeba. Kila Jumanne anapoleta shuka zenu safi hapo hospitali, barua yangu itakuwa kwenye mfuko wa juu. Ijumaa akirudi huku udobini na chafu, weka jibu lako kwenye ule mfuko mdogo wa vitambaa vya jikoni. Mimi ndiye naufungua.

Ninachoandikia ni goti. Juzi nilikuwa hapo kwenu kwa daktari wa mifupa, na wewe uliniona, ukapita na toroli lako la chakula ukajitia una haraka. Daktari kasema goti la kulia limekwisha. Atalipasua tarehe kumi na tano Aprili, ila niwe na kilo themanini na nane, isizidi hata moja. Sasa nina tisini na nane. Nisipofika, ananiondoa kwenye orodha. Na nikiondolewa, dada, sitaweza kusimama tena mbele ya mashine ya pasi, na asiyesimama udobini hana kazi. Mama anaishi kwangu, si kwako. Hayo unayajua vizuri.

Nakuomba kitu kimoja tu. Mna mtaalamu wa lishe hapo. Mpelekee vipimo vyangu anipigie hesabu, nile kalori ngapi kwa siku ili nipungue bila kujiumiza. Umri miaka arobaini na mmoja, urefu sentimita mia na sitini na mbili, kilo tisini na nane. Maoni yako kuhusu mwili wangu baki nayo. Nataka namba.

Goigoi wenu

12 Januari

Mdogo wangu,

Marahaba. Sikujitia nina haraka wala nini. Nilikuwa na sahani arobaini za wodi ya wanaume zinapoa, na wewe ulikuwa umekaa kwenye benchi umenuna.

Mtaalamu wa lishe hana haja ya kusumbuliwa kwa jambo dogo hivi. Kadi za chakula za hospitali nzima zinapita mikononi mwangu, mwaka wa kumi na tatu huu. Hesabu hiyo naipiga macho yakiwa yamefumbwa. Nimechukua fomu, nimejaza, nimekupigia mwenyewe, na karatasi hii hapa nimeiambatisha: kalori elfu moja na mia mbili kwa siku. Asubuhi yai moja la kuchemsha, kipande kimoja cha mkate, chai bila sukari. Mchana maharage kikombe kimoja na kabichi. Jioni samaki mdogo na viazi viwili, navyo visiwe kama ngumi yako. Tunda moja. Hiyo mikate ya saa nne mnayokula na wenzako, ukikaa unapiga soga, ndiyo iliyokufikisha hapo. Ikatae.

Sasa nisikilize, maana nakujua. Ulikuwa wa mwisho kuamka, wa mwisho kuoga, na ukitumwa dukani ulikuwa unarudi watu wameshasahau walichokuagiza. Jina la Goigoi hukuokota barabarani. Usije kunililia njaa baada ya wiki moja. Pima chakula, andika kwenye daftari, funga mdomo.

Dada yako

6 Februari

Dada, shikamoo.

Nimefunga mdomo, kama ulivyoamuru. Wiki tatu sasa na sijaruka hata mstari mmoja wa karatasi yako. Naitembeza kwenye mfuko wa aproni, imelowa mvuke mpaka imekuwa laini kama kitambaa. Hapa hakuna mizani ya watu, kwa hiyo Ijumaa jioni napanda kwenye ile ya kupimia mifuko ya shuka chafu. Wenzangu wanapanga foleni kuangalia, utadhani kuna sinema. Nina tisini na nne. Kilo nne zimekwenda, umesikia? Goigoi huyu huyu.

Lakini nina hasira, dada, hasira ambayo siielewi. Jana nimemfokea Mama kwa sababu alikuwa anatafuna kwa sauti. Mama! Akaacha kula, akanitazama, akaenda kumalizia chakula chake chumbani. Nilijisikia vibaya mno, na bado nilikuwa nakitamani alichobakiza kwenye sahani.

Na kuna jambo jingine. Mara moja moja, mchana, nikiwa nimekamata kifuniko cha mashine, macho yanaingia giza na masikio yanavuma. Mkunja shuka, yule mwenzangu tunayetazamana kwenye mashine, anasema midomo yangu inakuwa myeupe. Labda ni mvuke. Labda si mvuke. Muulize yule mtaalamu kama namba hii ni yangu kweli. Muulize tu, haikugharimu kitu.

Goigoi

9 Februari

Mdogo wangu,

Nilijua. Nilihesabu siku nikasema itakuja tu, na imekuja.

Hiyo ni njaa ya kichwani. Hapa nina mzee wa kitanda cha kumi na sita, anakula kalori hizo hizo, ana miaka sabini na mbili, na kila asubuhi ananishukuru. Wewe una miaka arobaini na mmoja na unaona giza! Giza la kukosa mkate wa saa nne. Kunywa maji, uache kumfokea Mama.

Mtaalamu nimeshamwonyesha. Kasema endelea hivyo hivyo.

Kilo nne ni vizuri. Ila usivimbe kichwa, bado sita.

Dada yako

23 Februari

Wewe!

Sikuandikii salamu kwa sababu sina. Jumanne mwenye stoo alikuwa likizo, nikapokea mimi mifuko ya shuka mbele ya matroni na wauguzi wawili. Nafungua wa kwanza, nakunjua shuka: alama ya kuungua, kubwa kama sinia. Ya pili hivyo hivyo. Shuka sita, dada yenu nimesimama nazo pale kama mwizi aliyefumaniwa, na kila mtu kwenye jengo hili anajua kwamba anayepiga pasi za hospitali ni mdogo wangu. Tena zilikuwa zimekunjwa kwa ujanja, alama ndani, ili tusizione. Matroni akaniuliza, "Mdogo wako analala kazini?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Ulikuwa unafanya nini? Unapiga soga? Umesinzia? Miaka yote nawatetea watu wa nyumbani hapa, halafu wewe unanivua nguo hadharani kwa sababu huwezi kukaa macho mpaka saa kumi jioni!

Nimeandika malalamiko kwa bosi wenu. Nimeandika "uzembe wa mpiga pasi wa mashine ya pili" na nimetia sahihi mwenyewe, asije mtu akasema nakulinda. Ukitaka kukasirika, kasirika.

Dada yako

1 Machi

Jumanne gari limekuja na mifuko minane na hakuna hata kipande cha karatasi. Mama naye hapokei simu. Sawa. Umenuna. Nuna. Mtu akikosea ananyamaza, na kunyamaza kwako ndiko kunakonithibitishia. Matroni ameniambia bosi wenu kajibu kwamba amechukua hatua. Nasubiri unieleze kwa mkono wako.

Dada yako

5 Machi

Dada Mkubwa, shikamoo.

Hunijui. Mimi ndiye mkunja shuka wa mashine ya pili, nakaa upande wa pili wa mdogo wako, yeye anapiga pasi na mimi nakunja, mwaka wa sita huu. Amenikataza kukuandikia. Naandika hivyo hivyo, na akijua atanikata masikio, basi na iwe.

Barua zako mbili nimezifungua mimi kwa sababu yeye hayupo. Nisamehe. Hapana, usinisamehe, mimi ndiye nimekasirika.

Dada Mkubwa, mdogo wako hakusinzia. Alianguka. Jumatatu ile, saa tisa alasiri, joto limetufika shingoni, nikamwona kafumba macho huku kakamata kifuniko cha mashine. Nikamwita. Akaenda chini kama mfuko wa shuka, na kifuniko kikashuka kwenye mkono wake wa kushoto. Niliruka meza, mimi na unene wangu huu, nikakiinua. Shuka zilizokuwa chini ya pasi ziliungua, na nguo tulisahau kabisa, nani anakumbuka nguo? Msimamizi ndiye aliyeamuru zikunjwe alama ikiwa ndani, gari lisichelewe. Nilikunja mimi. Huo ujanja ni wangu, niandikie malalamiko na mimi.

Anasimama saa tisa kwa siku kwenye goti bovu. Shuka mia nne zinapita mikononi mwake, zimelowa, nzito. Chakula cha saa nne anakula amesimama, au alikuwa anakula, maana tangu Januari nikimpa mkate anasema, "Dada amekataza." Nikimwambia unakufa, anaitoa karatasi yako kwenye aproni ananionyesha. Alikuwa anajivunia, ujue. Alisema, dada yangu ni mtu wa lishe, amenipigia hesabu mwenyewe.

Malalamiko yako yamefika. Barua ya kumsimamisha kazi ilimkuta nyumbani na bandeji kuanzia kiganja mpaka kiwiko. Aliisoma, akaona sahihi yako, akaiweka mezani, akaenda kumpikia Mama kwa mkono mmoja. Nilikuwapo. Mimi ndiye niliyelia.

Mkunja Shuka

8 Machi

Mdogo wangu,

Nimesoma. Nimeisoma barua ya mwenzako jikoni nimesimama na maziwa yakafurika jikoni kote. Mkono ukoje? Kiganja kinafunga? Kwa nini hukuniambia? Kwa nini Mama hakuniambia? Mimi ni nani kwenye familia hii, jirani?

Hesabu nimeirudia mara tatu jana. Iko sawa. Umri, urefu, uzito, kuzidisha, kutoa, hakuna nilipokosea. Sijui kwa nini ulianguka. Labda kuna ugonjwa mwingine, lazima upimwe damu.

Nakuja Jumapili. Usitoke.

Dada

12 Machi

Dada,

Uligonga mlango dakika kumi. Nilikuwa nimekaa chini nyuma ya mlango huo huo, mgongo wangu umeuegemea, kila ukigonga nasikia kwenye mbavu. Mama alitaka kufungua nikamwambia akifungua nahama. Uliacha mfuko wa machungwa. Kumi na mawili, nimeyahesabu, maana siku hizi nahesabu kila kinachoingia humu.

Sasa unataka kujua ulipokosea. Nitakuambia, tena kaa chini.

Naenda kusafishiwa kidonda kwenye zahanati ya karibu. Ijumaa muuguzi aliniuliza mbona nimepungua haraka hivi, nikajitapa, nikatoa karatasi yako. Akaenda nayo chumba cha pili kwa binti mmoja anayefundisha akina mama lishe ya watoto. Binti akaisoma, akatoka nayo, akaangalia huku na huku kwenye benchi, akauliza, "Mgonjwa huyu yuko wodi gani?" Nikasema ni mimi. Akasema, "Haiwezekani, hapa pameandikwa kitandani."

Mstari wa nne, dada. Umeandika umri. Umeandika urefu. Umeandika uzito. Panapouliza mtu anashughulika na nini mchana kutwa, umeandika, kwa mwandiko wako mzuri wa shule, KITANDANI. Halafu ukazidisha kwa namba ya mtu asiyeinuka hata kwenda msalani. Halafu ukatoa mia saba na hamsini, wakati binti anasema mtu hutolewa mia tano, basi, wewe ukaongeza za ukali wako. Nimeitembeza karatasi hiyo wiki nane. Nilikuwa sisomi juu, nasoma chini penye namba, kwa sababu nilikuamini.

Na mtaalamu "kasema endelea hivyo hivyo"! Binti alimpigia simu mtaalamu wenu mbele yangu. Hajawahi kuona jina langu. Hajawahi kusikia kama una mdogo! Ulinidanganya kwa maandishi, umeweka na tarehe.

Utasema ni mazoea ya kazi. Mimi nasema si mazoea. Ungekuwa unamjazia kaka, au mume wako, kalamu ingesimama. Ungejiuliza, huyu kutwa anafanya nini? Kwangu kalamu haikusimama, kwa sababu kichwani mwako mimi nimelala tangu nikiwa na miaka sita. Nilichelewa dukani kwa sababu nilikuwa nabeba ndoo ya Mama kwanza! Wewe ulikuwa mezani na vitabu. Nimesimama maisha yangu yote, dada, mpaka goti limekwisha kwa kusimama, na wewe umenihesabu kama mtu aliye kitandani.

Daktari wa mifupa ameahirisha. Hawezi kumpasua mtu mwenye kidonda kibichi mkononi. Tarehe kumi na tano Aprili imekwenda, na kazi sina. Ndiyo hesabu yako hiyo.

Usije tena kugonga.

15 Machi

Mdogo wangu,

Nimeandika na kuchana mara nne. Hii nitaipeleka ilivyo.

Nilikwenda kwenye stoo yangu nikatoa kitabu cha fomu, nakala zote zinabaki humo. Nikatafuta yako. Mstari wa nne. Ni mwandiko wangu. Nikafungua ya kabla yake: kitandani. Ya kabla yake: kitandani. Miaka kumi na tatu, kila fomu. Nimezoea hata naujaza mstari huo kabla sijaandika jina. Nilitaka kukutumia kitabu kizima uone kwamba ni mazoea tu, ukubali, tuishe. Kisha nikakumbuka fomu ya mpishi mwenzangu, niliyemjazia mwaka jana alipotaka kupungua. Nikaitafuta. Nimeandika, "amesimama, ananyanyua masufuria."

Kwa hiyo umesema kweli. Inaniuma na sina pa kuipeleka.

La pili: mimi si mtu wa lishe. Kule nyumbani nimewaacha mkisema hivyo kwa sababu nilipenda kusikia. Mtaalamu anapiga hesabu na kuandika kadi, mimi najaza vipimo vya wagonjwa wa wodini na kupakua. Sina ruhusa ya kumjazia fomu mtu wa nje ya wodi wala kumpigia hesabu, na yule mpishi pia sikupaswa. Uliponiomba nimpelekee, niliona aibu kwenda kwake kama mtu anayeomba, nikakudanganya. Jana nilikwenda, nikamweleza yote. Alinifokea mpaka wahudumu wakafunga mlango. Nilistahili.

Malalamiko nimeyafuta. Nimeandika barua mbele ya matroni kwamba mpiga pasi wa mashine ya pili alianguka kwa njaa, na njaa hiyo nilimpa mimi. Matroni aliniuliza kama nina hakika nataka kuandika hivyo. Nakala iko kwa bosi wako. Niliipeleka kwa miguu yangu, sikumpa Dereva. Nikaomba nisimame kwenye mashine yako mpaka saa sita. Msimamizi alicheka, akanipa aproni. Saa nne na nusu nilikuwa nimekaa chini. Mkunja Shuka akanipa mkate na hakuniangalia.

Lakini na wewe nina hasira nawe, siwezi kuificha. Ulikuwa unaona giza, ukaandika mstari mmoja, nikakukemea, ukanyamaza! Toka lini unanitii? Tangu utoto hujawahi kunitii hata siku moja, ukachagua kuanzia hapo!

Naweka fomu mpya. Mtaalamu ataipiga yeye, mimi sigusi. Mstari wa nne nimeuacha wazi. Jaza kwa mkono wako.

Dada

26 Machi

Dada,

Shikamoo.

Hasira haijaisha. Usidhani nimeandika shikamoo basi yameisha. Mkono unafunga, ila kidole cha mwisho kinabaki nje kama kinamsonta mtu, na ninajua kinamsonta nani.

Umeuliza toka lini nakutii. Nilitii kwa sababu ulisema nitashindwa. Ningeanguka mara kumi nisikupe raha hiyo. Ujinga, ndiyo, najua, usinirudishie.

Jumatano nilirudi kazini. Bosi alisoma barua yako mbele yangu, akaikunja, akasema nianze kesho, nikasema naanza leo. Msimamizi amenipa kigoda kirefu cha kuegemea, na amepigwa marufuku kuficha shuka mbovu. Mkunja Shuka anasema ulitoka jasho mpaka kwenye nyusi. Alinisimulia mara tatu, kila mara unakaa chini mapema zaidi. Mara ya tatu ilikuwa saa mbili na nusu.

Fomu yako nimeijaza. Mstari wa nne haukutosha, nikaendelea nyuma ya karatasi: "Nasimama saa tisa kwa siku. Nanyanyua shuka mia nne zilizolowa. Napanda ngazi thelathini na moja kwenda nyumbani, goti likiwa bovu. Napika, nafua, namwogesha Mama." Mtaalamu wenu kanirudishia mwenyewe, kwa mkono wake: kalori elfu mbili kasoro hamsini, robo tatu nile kabla ya saa tisa alasiri, na mkate wa saa nne ni lazima. Lazima! Karatasi yake nimeibandika ukutani pembeni ya mashine. Nina tisini na moja, nitashuka polepole, na daktari amenipa tarehe mbili Julai.

Goigoi usiniite tena. Ukiniita sijibu, hata ukigonga mwezi mzima.

Tarehe mbili Julai nitalazwa hapo kwenu siku tatu. Nimeuliza, ni wodi yenye toroli lako. Shuka nitakazolalia nitakuwa nimezipiga pasi mwenyewe, nimeshaziweka alama ya uzi kwenye pindo. Siku hizo tatu, dada, ndizo unaruhusiwa kuandika kitandani. Uniletee sahani wewe, si mwingine, na usipite haraka. Usimame pale mpaka nimalize kula. Siku ya nne nainuka.

Mpiga pasi, mashine ya pili